Gundi iliyotafutwa Akron

Wavuvi wa Marekani wanaotumia minyoo ya plastiki wana kero moja. Mnyoo huvishwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Samaki akiuvuta mkia kidogo tu, unateleza na kujikunja, na ujanja umefichuka. Ulaini unaomdanganya samaki ndio huohuo unaoufanya mnyoo uchomoke.

Turudi nyuma. Mwaka 1926, mjini Akron, Ohio, mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alikuwa akitafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye metali. Akaichemsha PVC ndani ya kimiminika. Gundi hakuipata. Alichopata ni plastiki laini, inayonyumbuka. Mwaka 1949, mjini humohumo, Nick Creme na mkewe Cosma walipika plastiki laini nyumbani kwao, wakaimimina kwenye kalibu, ukatoka mnyoo.

Kazi ikabaki kuushikisha. Watengenezaji waliweka mwiba mdogo kwenye shingo ya risasi. Wavuvi wakaongeza tone la supa gluu, ambayo nayo ina kisa chake. Mwaka 1942 Harry Coover na wenzake wa Kodak walikuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, wakaitupa kando kwa sababu iling'ang'ania kila kitu. Iliingia sokoni mwaka 1958.

Kwa hiyo mvuvi anayepaka gundi leo anamalizia kazi ya Semon. Tumezoea kusimuliwa historia ya waliopata walichokitafuta. Hii ni ya waliokosa.