Vitafunio vya meno ya mbwa: Ahadi za pakiti na yanayotendeka kinywani

MNUNUZI anayepita kwenye rafu za vyakula vya wanyama katika maduka makubwa ya Nairobi, Mombasa au Nakuru hukuta pakiti zenye picha ya mbwa aliyeachama, meno meupe pepepe. Ndani yake mna vitafunio vyenye umbo la mswaki, nyota au kijiti, na juu yake maneno ya kuvutia: huondoa harufu, husafisha meno, hulinda fizi. Vingi huagizwa kutoka ng'ambo na bei yake si ya kupuuzwa. Mfugaji ana haki ya kuuliza iwapo anachouziwa ni kinga ya kweli au ni biskuti iliyovishwa koti la daktari.

Jibu linaanzia kinywani mwa mbwa mwenyewe. Mbwa mzima ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu. Bakteria hujenga utando laini juu ya meno hayo kila siku, na usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa muda wa siku chache ukawa ukoga, lile gamba la manjano au kahawia ambalo mswaki hauwezi tena kulibandua. Hata hivyo, ukoga unaoonekana si adui mkuu. Madhara makubwa hutokea chini ya ufizi, ambako maambukizi hula polepole nyama na mfupa unaolishikilia jino. Mbwa wengi huwa wameanza kuonyesha dalili za ugonjwa huo wafikapo umri wa miaka 3, na wenye maumbile madogo ndio huathirika zaidi kwa kuwa meno yao yamesongamana katika taya fupi.

Kitafunio hufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano: jino huzama ndani yake kabla hakijakatika, na kuta za jino hupanguswa. Kikivunjika mara tu kinapoguswa, ni ncha ya jino pekee inayofaidi. Kikimezwa kizimakizima, hakuna jino lililofaidi. Njia ya pili ni kemikali. Baadhi ya vitafunio hutiwa sodiamu heksametafosfeti, ambayo huinasa kalisi iliyo kwenye mate ili isiugeuze utando kuwa gamba. Kwa vyovyote vile, magego ya nyuma yanayotafuna ndiyo hunufaika zaidi, ilhali meno ya mbele na chonge hayapati mengi. Ndani ya kifuko cha ufizi kilichokwisha kuugua, kitafunio hakifiki kabisa.

Kigezo kinachotegemewa zaidi katika kutofautisha bidhaa hizi ni nembo ya Baraza la Afya ya Kinywa cha Wanyama, maarufu kwa kifupi VOHC, lililoundwa nchini Marekani mwaka 1997. Kampuni inayoitaka nembo hiyo huwasilisha matokeo ya majaribio mawili, ambamo mbwa waliopewa kitafunio hulinganishwa na wasiopewa. Kwa wastani utando au ukoga sharti upungue kwa angalau asilimia 20.

Takwimu hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Asilimia 20 si meno safi; ni uchafu uliopungua kwa moja ya tano. Isitoshe, baraza halifanyi majaribio lenyewe bali hukagua yale yaliyofanywa na mwenye bidhaa, na nembo yaweza kuhusu utando pekee, ukoga pekee au vyote viwili. Kwa upande mwingine, kukosa nembo hakuthibitishi kwamba bidhaa haifai, maana kampuni haishurutishwi kuiomba. Kinachoweza kusemwa ni kwamba bidhaa isiyo nayo inamtaka mnunuzi aamini neno la muuzaji. Wala alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini (Kebs) haijazi pengo hilo, kwani kuruhusiwa kuingia sokoni ni jambo moja na kupunguza ukoga ni jambo jingine.

Suala la usalama lina uzito zaidi ya hilo la usafi. Mwaka 2006, vyombo vya habari vya Marekani viliripoti visa vya mbwa waliokwamwa kooni au matumboni na vipande vya Greenies, mojawapo ya vitafunio vya meno vilivyouzwa sana nchini humo, na kampuni husika ikabadilisha utungaji wake. Tangu hapo kitafunio bora huchukuliwa kuwa kile kinachoyeyuka tumboni na kinachouzwa kwa vipimo vya uzani wa mbwa. Kile cha mbwa wa kilo 5 akipewa wa kilo 30, hukibugia bila kukitafuna.

Nchini Kenya, mswaki wa jadi wa mbwa umekuwa mfupa kutoka buchani au uliosalia baada ya nyama choma. Ni kweli mfupa hukwangua ukoga, na wazee hawakukosea walipoona meno ya mbwa wao yaking'aa. Lakini meno yaliyong'aa hayo ndiyo pia hupasuka. Gego kubwa la juu, ambalo mbwa hulitumia kukatia, humeguka ubavu likikutana na kitu kigumu kulishinda, na mfupa uliopikwa hutoa vibanzi vinavyoweza kutoboa utumbo. Mwaka 2017, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo kuhusu mifupa iliyotayarishwa viwandani kwa ajili ya mbwa, baada ya kupokea taarifa za takriban mbwa 90 waliougua, 15 wakafa. Madaktari wa mifugo wana kipimo rahisi: kitu ambacho kikigongwa kwenye goti kinauma, au ukucha wa kidole gumba haukitii alama, ni kigumu mno kwa jino. Pembe na kwato hazipiti mtihani huo.

Kuna pia hesabu ya kalori. Mbwa wa kilo 10 huhitaji takriban kalori 600 kwa siku, na vitafunio vya aina zote havipaswi kupita sehemu ya kumi ya chakula chake. Kijiti kimoja chaweza kuimaliza sehemu hiyo yote.

Kupiga mswaki kila siku bado kunavishinda vitafunio vyote, ila kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya binadamu haifai, kwa kuwa mbwa hajui kutema, na baadhi huwa na zailitoli, sukari mbadala ambayo ni sumu kali kwake. Kitafunio basi ni msaidizi, tena wa kila siku. Cha mara moja kwa wiki ni anasa tu, kwani utando haungoji Jumamosi.

Na zipo dalili ambazo hakuna pakiti iwezayo kuzitibu: harufu isiyoisha, damu kwenye bakuli la maji, mbwa kutafunia upande mmoja, au uvimbe chini ya jicho, ambao mara nyingi hutokana na usaha kwenye mizizi ya lile gego kubwa. Mbwa wa aina hiyo huhitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa, atakayemtia nusukaputi, asafishe chini ya ufizi na kuling'oa jino lisiloweza kuokolewa. Kumpa kijiti cha kutafuna wakati huo ni kumwongezea maumivu.