Ka na Lakini: Jinsi Kiswahili Kilivyounga Sentensi

Nilipokuwa nikifundisha kidato cha kwanza huko Handeni, niliwapa wanafunzi sentensi sahili tatu waziunge ziwe sentensi ambatano: Mzee aliamka. Alichukua jembe. Alikwenda shambani. Msichana mmoja akaandika: "Mzee aliamka, akachukua jembe, akaenda shambani." Nilimkosesha, kwa kuwa nilishika kanuni kwamba sentensi ambatano haisimami bila kiunganishi. Kosa lile linanisumbua hadi leo, maana historia ya lugha ilikuwa upande wake.

Tuvitazame viunganishi vyenyewe. Lakini, au, wala na bali, vyote asili yake ni Kiarabu. Wala ni wa, yaani "na", pamoja na la, yaani "si". Katika orodha tuliyowakaririsha watoto, na ndicho cha Kibantu, nacho hupenda zaidi kuunga majina: jembe na panga. Je, kabla ya maneno hayo kuvuka bahari, wahenga hawakuunga sentensi? Waliziunga ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kiambishi ka.

Ushahidi hauko mbali. Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja wa Mazinde, mahali palipo leo wilayani Korogwe, aliandika Habari za Wakilindi. Kitabu hicho kilianza kuchapishwa na misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19, kikachapishwa tena mwaka 1962. Humo tunasoma habari za Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, akapitia Kilindi, akafika Usambara, akatawala. Masimulizi ya namna hiyo hutembea kwa ka, hatua baada ya hatua.

Viunganishi vya Kiarabu havikuifukuza ka. Vilishika kazi nyingine. "Mvua ilinyesha, lakini mahindi yalikauka." Hapo ka haitoshi, kwani hufuatanisha matendo, haiyapambanishi. Wala haitoi nafasi ya kuchagua, kama katika "Utalima au utachunga?" Lugha yetu basi ina nyenzo za aina mbili, na mwandishi hodari huzitumia zote.

Walimu wenzangu mnaosahihisha leo, mkikutana na ka msikimbilie wino mwekundu. Mtoto huyo hakusahau kiungo, bali amekitia ndani ya kitenzi, kama alivyomsikia bibi yake akisimulia.