Nairobi Hadi Malindi na Ndai: Vituo 7 vya Kusimama, na Vile Mtafika Wazima

Kila mbogi iko na ile grupu ya WhatsApp inaitwa "Coasto Lazima". Watu tisa, picha ya minazi, na safari haijawahi toka hapo ndani. Shida si doh pekee. Shida ni kwamba hakuna msee amewahi kaa chini akapiga hesabu ya barabara. Leo tunaipiga, halafu itume kwa grupu uone nani alikuwa anamaanisha.

Hesabu kwanza

Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 490. Mombasa hadi Malindi ongeza kama 120. Kwenda na kurudi ni 1,220, na ukiweka 180 za kuzungukazunguka unafika 1,400. Ndai inayoenda kilomita 12 kwa lita moja itakunywa lita kama 117. Angalia bei ya mafuta ya mwezi huo (EPRA hutangaza kila tarehe 14), zidisha, gawa kwa watu wanne. Kila mtu ni kama lita 29. Kusanya hiyo pesa kabla ya siku ya kutoka. Msee wa "nitatuma tukifika" hutuma mwaka ujao.

Panga siku sita: ya kwanza mlale Voi, ya pili Mombasa, ya tatu Watamu, ya nne Malindi, ya tano mrudi hadi Voi, ya sita nyumbani. Voi iko kama kilomita 330 kutoka Nairobi, kwa hivyo hakuna siku dereva ataendesha hadi macho yawe mekundu.

Usiku hapana

Wengi hupenda kutoka Nai saa tatu usiku ndio waamkie ufuoni. Mimi nilijaribu mara moja. Karibu na Maungu, taa zetu zikapiga matawi yamelala barabarani. Dereva alikuwa ameanza kusinzia, na hakuna kati yetu aliyejua hayo matawi ni ya nini. Mbele kidogo kulikuwa na trela limekufa katikati ya njia, bila taa hata moja. Tulilikwepa kwa kitu kama mita mbili. Hakuna aliyeongea hadi Mariakani.

Kwa hivyo shika hii: ukiona majani au matawi kwa lami, kuna gari limekwama mbele. Punguza mwendo saa hiyo hiyo. Na tokeni saa kumi na moja asubuhi, ndio giza liwaachie huko Athi River na barabara yote mbaya muione na macho. Usipite trela mahali huoni mbele, hata wa nyuma akikupigia honi. Ukiingia mji, shuka hadi 50, kwa sababu karao wa kupima mwendo yuko na wewe humwoni.

Kabla ya kutoka angalia taya na spea, breki, maji ya redieta, jeki, na zile pembetatu nyekundu mbili za dharura. Leseni na bima ziwe sawa. Madereva wawe wawili, wapokezane kila masaa mawili.

Sasa, vituo

1. Makindu. Kama kilomita 165 kutoka Nai kuna hekalu la Masingasinga, limekuwa hapo tangu miaka ya 1920. Chakula ni bure kwa kila msafiri, dini yoyote: chapati, dengu, chai ya maziwa. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala sigara. Chukua kile utamaliza. Kuna mahali pa kuacha sadaka, na usijifanye hujaona.

2. Mtito Andei na Tsavo. Mtito ndio katikati ya safari, kwa hivyo jaza tangi na unyooshe miguu. Kutoka hapo barabara inapita kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ukikaribia Voi angalia kando: ndovu wekundu, rangi ya udongo wanaojimwagia, na hujalipa kitu. Usishuke kwa gari kupiga selfi. Kwenye daraja la mto Tsavo ndiko mwaka wa 1898 simba wawili walikula wafanyakazi wa reli. Hao simba sasa wako kwa jumba la makumbusho Chicago. Mkitaka kuingia mbugani, lipieni kwa simu, KWS hawachukui pesa mkononi. Na msibebe chupa za plastiki za kutumia mara moja, zimekatazwa mbugani tangu Juni 2020.

3. Mackinnon Road. Kando ya barabara kuna msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, aliyefanya kazi ya reli. Inasemekana karai lake la kokoto lilikuwa linaelea juu ya kichwa bila kumgusa. Madereva wengi husimama hapa kuomba wafike salama. Dakika kumi zinatosha, na uvae kwa heshima.

4. Mombasa, Mji wa Kale. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593. Iwahi asubuhi kabla jua halijakasirika, halafu potea kwa vichochoro vya Mji wa Kale ukiangalia milango ya kuchongwa. Kiamsha kinywa ni mahamri na mbaazi. Jioni nenda Mama Ngina, kwa wauzaji wa mihogo ya kukaanga na madafu, ukiangalia meli zikipita karibu kabisa.

5. Kilifi. Pita Mtwapa mapema, kwa sababu msongamano wa hapo hauna huruma. Ukivuka daraja la Kilifi utaona mkono wa bahari umeingia bara. Upande wa kusini kuna magofu ya Mnarani: misikiti ya kale, kaburi lenye nguzo ndefu na mibuyu. Usiku usio na mwezi, uliza wenye mashua kuhusu maji yanayometameta ukiyagusa. Hiyo si editi ya TikTok, ni viumbe vidogo vya baharini.

6. Gede na Mida. Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, kasri, visima virefu na vyombo vya kutoka Uchina, kabla uachwe karne ya 17. Kwa nini watu walihama, wasomi bado wanabishana. UNESCO waliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2024. Chukua gaidi wa huko, na ufiche ndizi, tumbili hawana adabu. Mida Creek iko karibu, na ina daraja la mbao ndani ya mikoko. Uliza wenyeji saa za maji kujaa, maana yakitoka utapata matope tu.

7. Malindi na Marafa. Malindi ndiko Vasco da Gama alifika 1498, na nguzo yake bado iko kando ya bahari. Lakini usirudi bila kuona Marafa, wenyeji wanaita Nyari, ndani zaidi kutoka mjini. Ni korongo lenye miamba ya rangi nyekundu, ya machungwa na nyeupe. Enda jioni: mchana ni tanuri, jioni rangi zinawaka.

Uende lini?

Kaskazi, kama Novemba hadi Machi, bahari imetulia na maji ni safi. Aprili na Mei ni mvua. Desemba bei za vyumba zinapanda, kwa hivyo Januari na Februari ndizo zetu sisi watu wa bajeti.

Sasa rudi kwa grupu. Weka tarehe, weka lita 29, weka jina la dereva wa pili. Anayenyamaza abaki Nai, mtamletea mabuyu.