Hitilafu za safu katika data ya fomu

Hitilafu za safu katika data ya fomu hutokea pale programu ya upande wa seva inapotafuta ndani ya safu thamani ambayo haikufika, iliyofika kwa jina jingine, au iliyofika kwa umbo lisilotarajiwa. Makala hii inahusu zaidi lugha ya PHP, ambamo hitilafu hizi zimezoeleka mno.

Historia

PHP ilitangazwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, na tangu mwanzo kupokea fomu za tovuti kulikuwa miongoni mwa kazi zake kuu. Zamani kila uga wa fomu uligeuzwa moja kwa moja kuwa kigeu: uga wa simu ukawa $simu. Utaratibu huo, register_globals, ulikuwa mwepesi lakini wa hatari, maana mgeni yeyote aliweza kupenyeza kigeu chake kupitia anwani ya ukurasa. Toleo la 4.1.0 (2001) lilileta safu za $_POST na $_GET. Toleo la 4.2.0 (2002) likauzima utaratibu wa zamani kwa chaguo-msingi, na la 5.4 (2012) likaufuta kabisa.

Hadi toleo la 7.4, kusoma ufunguo usiokuwepo kulitoa taarifa ndogo tu, ambayo seva nyingi ziliificha. Tangu toleo la 8.0 (Novemba 2020) hutolewa onyo kamili: Undefined array key "simu". Badiliko hilo lilistahili kuja mapema zaidi.

Visababishi

Kivinjari hutuma uga kwa sifa yake ya name, wala si id. Uga usio na name hautumwi, na uliozimwa kwa disabled hautumwi pia. Nukta na nafasi ndani ya jina hugeuzwa kuwa mstari wa chini, hivyo namba.simu hufika kama namba_simu. Faili zilizopakiwa hukaa kwenye $_FILES, na data iliyotumwa kama JSON haiingii kabisa kwenye $_POST. Husomwa kutoka php://input.

Mabano ya mraba ndiyo chanzo cha makosa mabaya zaidi. Nyuga kadhaa zikiitwa mazao bila mabano, hubaki thamani ya mwisho peke yake. Zikiitwa mazao[], zote hufika kama safu. Lakini kisanduku kisichotiwa tiki hakitumwi. Tuseme fomu ya ada ina wanafunzi 3, kila mmoja na jina[] na kisanduku amelipa[], na aliyetiwa tiki ni wa tatu tu. Safu ya majina itakuwa na funguo 0, 1 na 2, ilhali ya malipo ina ufunguo 0 pekee. Programu itaandika kwamba amelipa mwanafunzi wa kwanza, na hakuna onyo litakalotokea kwenye rekodi yake. Dawa ni kuandika ufunguo waziwazi, yaani jina[57] na amelipa[57], kwa namba ya mwanafunzi mwenyewe.

Mipaka ya seva nayo huchangia. Kwa kawaida max_input_vars ni 1000, na vigeu vinavyozidi hapo huachwa. Fomu ikipita post_max_size, ambayo kwa kawaida ni MB 8, $_POST na $_FILES zote huwa tupu.

Uchunguzi

Kabla ya kugusa msimbo, tazama kilichofika. print_r($_POST) huonyesha umbo la safu. Var_dump huonyesha pia aina ya kila thamani na nafasi zilizojificha mwishoni mwa neno. Kisha linganisha na kilichotumwa, kinachoonekana katika sehemu ya mtandao ya zana za kivinjari. Pengo likionekana hapo, kosa liko kwenye fomu au mipaka ya seva.

Uga wa hiari husomwa kwa $_POST['simu'] ?? '', alama iliyoingia katika PHP 7.0 (2015). empty() haifai kwa namba, kwa kuwa huihesabu "0" kuwa tupu, na mzazi aliyejaza watoto 0 ataambiwa hakujaza. Thamani ikaguliwe kwa is_array kabla ya kutumiwa: mtu akituma simu[] badala ya simu, trim() katika PHP 8 husimamisha programu. Kunyamazisha onyo kwa alama ya @ ni desturi mbovu, kwani rekodi huingia kwenye hifadhidata zikiwa na mapengo.

Lugha nyingine

Katika Django ya Python, request.POST['mazao'] hurudisha thamani ya mwisho tu. Orodha nzima hupatikana kwa getlist().