Kabla ya tofali la kwanza: historia ya karatasi za parseli Bukavu

Wafadhili wetu wanauliza, na wana haki: pesa ilifika, manjanja yamenunuliwa, kwa nini nyumba ya yule mama wa Kadutu haijaanza? Tunangoja ruhusa ya kujenga. Lakini shida yenyewe ni ya zamani kuliko chama chetu.

Wakati wa Wabelgiji, mji huu ukiitwa Costermansville, Wazungu walijenga kwenye rasi za ziwa, na Waafrika wakapangiwa Kadutu. Miaka ya 1950 ofisi ya koloni ya nyumba, OCA, ikajenga Bagira pia. Mwafrika wa siti alikuwa na kitabu cha kumruhusu kukaa, si udongo. Dekreti ya 20 Juni 1957 juu ya mpango wa miji ilitoka katika hali hiyo, miaka mitatu tu kabla ya uhuru. Inadai ruhusa kabla ya kujenga, kana kwamba kila mtu ana parseli iliyopimwa!

Halafu ikaja sheria ya 20 Julai 1973: udongo wote ni wa Leta. Mwananchi anapewa haki ya kuutumia, na ushahidi ni sertifika ya kuandikishwa. Watu wa Kadutu wao waliendelea kuuziana kama kawaida: karatasi ya mkono, mashahidi wawili watatu, muhuri wa shefu wa kartie, basi.

Ndugu zetu waliokimbia vita mwaka 1996, 1998 au 2004, wengi walipoteza hata karatasi hiyo. Mama ninayemzungumzia aliikuta ndani ya mfuko wa plastiki, wino umeliwa na maji. Aliniuliza: "Mutoto wangu, nilizalia batoto ine humu. Leta inataka karatasi gani ingine?" Sikuwa na jibu zuri.

Mimi siipingi ruhusa. Tetemeko la 3 Februari 2008 tunalikumbuka, na kila msimu wa mvua tunaona milima yetu ikiteremka na nyumba za watu. Mtu wa kukagua plani na mteremko anahitajika kweli. Ila dosye ya ruhusa inaanza na karatasi ya udongo, na hapo ndipo maskini anakwama, hata kama plani yake ni nzuri.

Tukiri pia kosa letu. Nyumba moja tuliianza bila kungoja. Ukuta ulipofika kiunoni, ukapigwa msalaba mwekundu, kazi ikasimama, na simenti iliyobaki ikaganda stoo. Hiyo ilikuwa pesa yenu.

Kwa hiyo safari hii tumeanza na udongo. Majirani wa mama wameshuhudia mipaka yake mbele ya shefu wa kartie, na ombi la kupima limepokelewa. Mpimaji akishapanda, plani itapelekwa Urbanismu. Manjanja yamefungiwa kwenye depo yetu, yamehesabiwa.