Kabla ya Hot Wheels Kulikuwa na Ndala: Wakali wa Magari ya Waya wa Buzuruga

Ukitafuta mtandaoni gari dogo la Datsun 240Z, lile lililoshinda Safari ya mwaka 1971, utalipata. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imelitoa kwenye boksi, vipande vipande, kwa kipimo cha 1/24. Maana yake gari la mita nne na ushee linabaki sentimita 17 hivi. Namba ya mlangoni ipo, taa za ziada zipo, hadi stika zipo. Watu wazima wenye kazi na familia zao wanakaa wiki kadhaa wakigundisha na kupaka rangi, halafu wanalipeleka kwenye maonyesho likakaguliwe na majaji. Hiyo inaitwa hobi, na inaheshimika.

Sasa njoo Buzuruga. Dogo wa miaka 11 alikuwa anafanya kitu hichohicho kwa waya na ndala ya mama yake, bila boksi, bila karatasi ya maelekezo, na bila gundi. Yeye hakuitwa mtu wa hobi. Aliitwa mzururaji, na jioni akachapwa kwa sababu ya ndala.

Buzuruga yenyewe ni kata ya Manispaa ya Ilemela, kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza mjini kwenda Musoma. Ukiifuata hiyo barabara unapita Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi, unaingia mkoa wa Mara, unapita Bunda, na mwisho wake ni Sirari, mpakani na Kenya. Kwa miaka mingi mabasi ya upande huo yalianzia stendi ya Buzuruga, kabla stendi kubwa ya Nyamhongolo haijajengwa. Kwa mtoto aliyekulia jirani na hapo, gari halikuwa kitu cha kuhadithiwa. Angeweza kuchuchumaa mbele ya basi akahesabu nati za tairi moja moja mpaka kondakta amfukuze. Mwanamitindo wa Japani anatumia picha. Huyu wa Buzuruga gari lenyewe lilikuwa limepaki mlangoni.

Halafu kulikuwa na Safari. Mbio hizi zilianza tarehe 27 Mei hadi 1 Juni mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye zikawa za Pasaka, katikati ya masika, na hapo ndipo zilipokuwa noma. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Tope lilikuwa linameza magari ya Ulaya kama mandazi. Walioshinda wanajulikana: Joginder Singh, Mkenya, alishinda 1965 na Volvo kuukuu, akarudia 1974 na 1976 na Mitsubishi. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alibeba mara tano, ya kwanza 1973 na nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1972 Hannu Mikkola kutoka Finland alishinda na Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo.

Gari la Safari lilikuwa na sura yake. Ngao ya chuma mbele, taa za ziada zimepangwa kwenye bampa, namba kubwa mlangoni, tope hadi kwenye paa. Picha moja ya gazeti lililofungiwa vitumbua ilitosha. Aliyetaka gari la mashindano badala ya basi la Musoma alijua cha kuongeza: vizibo vinne vya soda mbele viwe taa, waya mnene ukunjwe uwe ngao, na namba iandikwe kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Wale wa hobi wa Japani na Ulaya hadi leo wananunua rangi maalumu ya kuigiza tope. Buzuruga tope lilikuja bure, mwezi wa nne, na lilikuwa tope la kweli.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Barabara ya Buzuruga ikawa inaishia kwenye geti lililofungwa pale Sirari, na halikufunguliwa rasmi mpaka mwishoni mwa 1983. Katikati ya hapo ikapita vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, hazina ya taifa ikakauka. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na mwenye duka aliyekuwa na bidhaa za nje alikuwa na kesi ya kujibu. Katika hali hiyo, nani angeagiza midoli?

Ndiyo maana stori hii siku zote inasimuliwa kama stori ya umaskini: watoto hawakuwa na kitu, wakaokota takataka, wakacheza. Inagusa moyo, lakini haielezi chochote. Nchi nzima ilikuwa na shida, na si kila mtoto aliunda gari lenye springi inayobonyea. Watoto wa Malawi, Zimbabwe na Kongo nao waliunda magari ya waya, wengine katika miaka ambayo maduka yalikuwa yamejaa. Shida ilichagua malighafi tu. Ule ubishi wa kutaka kioo cha nyuma kilingane na cha basi lenyewe, huo haukutoka kwenye shida.

Kazi yenyewe ilianza na kutafuta waya. Wa bora ulikuwa wa uzio, mnene na mgumu, lakini kuupata ilikuwa hatari maana uzio una mwenyewe. Waya wa kufungia nondo ulipatikana kwenye nyumba zinazojengwa, ila ni laini, unafaa kwa mapambo na kufungia. Tairi bovu likichomwa linaacha waya mwembamba kibao, umeungua na una kutu, lakini upo. Spoku ya baiskeli ilikuwa mali. Ni nyoofu, ina nguvu, na ndiyo iliyotoa ekseli nzuri kuliko zote.

Hakuna aliyechomelea. Maungio yalifungwa kwa vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, vikavutwa kwa meno mpaka vikaze, au kwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Waliofunga kwa tyubu walikuwa na gari linalonyumbuka, likigonga jiwe halivunjiki. Na Mwanza kwa mawe unaijua.

Usukani ndio uliomtenga fundi na mbabaishaji. Mti mrefu au waya mnene ulitoka nyuma ya gari hadi usawa wa kifua cha mwenye gari, juu ukiwa na duara la kushikia. Chini, ncha yake ilikunjwa kama herufi L na kuingizwa kwenye kitanzi kilichofungwa katikati ya ekseli ya mbele. Ukizungusha duara kulia, ile ncha inavuta ekseli, tairi zinakata kona. Mtoto anakimbia nyuma ya gari, wima, anapita kwenye mashimo huku mdomo unatoa mlio wa injini na gia zinabadilishwa. Kila gari lina mlio wake. Aliyechanganya mlio wa Isuzu na wa Scania alichekwa wiki nzima.

Halafu tairi. Hapa ndipo ndala inapoingia, na ndipo palipo na hesabu ambayo hakuna aliyeiandika popote. Kisigino cha ndala ya mtu mzima kinatoa duara la sentimita 7 hivi. Tairi la basi ni karibu mita moja. Kwa hiyo ukikata tairi kutoka kwenye ndala, umeshachagua kipimo: kama 1/14. Basi la mita 12 litatoka na urefu wa sentimita 85 hivi, na ukilifanya fupi zaidi linaonekana kituko, kama basi lililovaa viatu vya baba yake. Mafundi wazuri walilijua hilo kwa macho. Tairi kwanza, gari baadaye. Aliyeanza na bodi aliishia na tairi za vizibo ambazo hazikumridhisha mtu.

Jioni, jua likipungua, ndiyo ilikuwa saa ya maonyesho. Magari yalisukumwa hadi penye uwazi, yakapangwa mstari, na ukaguzi ukaanza. Watu walidhani watoto wanashindana mbio. Mbio zilikuwepo, ila kila mtu alijua mbio anashinda mwenye miguu. Ushindi wenye heshima ulikuwa wa sura. Majaji walikuwa wenzako wenyewe, na hawakuwa na huruma: bampa limepinda, dirisha la dereva dogo, hilo si Leyland hilo. Aliyeweka vioo vya pembeni kwa karatasi ya sigara inayong'aa alitembea kifua mbele. Wasichana walikuwa wanaangalia na wengine walikuwa na macho makali kuliko majaji, lakini usukani hawakupewa. Hiyo nayo iandikwe.

Na baada ya hapo? Gari lilibomolewa. Hili ndilo linaloumiza katika historia nzima ya hobi hii. Waya ulikuwa haba, kwa hiyo gari la mwezi huu lilikuwa ni waya wa gari la mwezi ujao. Fundi akipata wazo jipya, anafungua tyubu, ananyoosha waya kwa jiwe, anaanza upya. Ile Datsun ya vizibo vinne iligeuka lori la pamba, lori likageuka basi, basi likaishia kuwa waya wa kuanikia nguo. Datsun ya Hasegawa ina namba ya bidhaa na tarehe ya kutoka. Ya Buzuruga haina hata picha, maana kamera nani angekuwa nayo, na mwenye kamera angepiga picha mdoli wa nini? Baadhi ya makumbusho ya Ulaya yana magari ya waya ya Afrika kwenye kabati za vioo. Mara nyingi maelezo chini yake yanataja nchi na waya uliotumika, basi. Sehemu ya jina la aliyeunda ipo wazi.

Kuanzia 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na taratibu maduka yakajaa. Miaka ya 90 gari la plastiki likafika hadi kwenye meza za wamachinga. Lilikuwa jepesi, linang'aa, na lilivunjika siku ya tatu, lakini mtoto aliyelimiliki hakuitwa mzururaji. Waya ukapungua mitaani. Wale waliokuwa mafundi walishakua, na haishangazi ukimkuta mtu wa makamo kwenye gereji za Nyakato anayekunja bati la basi kwa jicho tu, bila kupima.

Ugonjwa wenyewe haukuisha. Leo kuna vijana wanaounda mabasi ya maboksi na plastiki yenye taa za betri, milango inayofunguka na rangi za kampuni halisi, wanarekodi video na kuzirusha. Na kuna walioingia kwenye simu moja kwa moja. Gemu la Bus Simulator Indonesia, lililotoka 2017, linamruhusu mchezaji kuingiza gari alilolichora mwenyewe, na vijana wa Kibongo wamelijaza mabasi ya barabara zetu. Wanabishana kuhusu upana wa dirisha la dereva. Wanabishana kuhusu mlio wa Scania.

Kitu kimoja tu kimebadilika. Dogo wa sasa akimaliza basi lake, kabla hajalirusha, anaandika jina lake kwa herufi ndogo kwenye kona ya kioo cha nyuma, mwingine asije akalichukua akasema ni la kwake.