Ujia si kijia

Usukani wa baiskeli ya mlimani ya siku hizi una upana wa sentimita 75 hadi 80. Njia inayopitwa na baiskeli hiyo, ile inayojipinda msituni kati ya mizizi na mawe, mara nyingi haizidi sentimita 60 pale panapokanyagwa, na nyingine ni 45 tu. Mpanda baiskeli, basi, ni mpana kuliko njia yake. Mabega yake na usukani wake hupita hewani, juu ya majani na mboji, na tairi peke yake ndilo lenye haki ya kugusa ardhi iliyo tupu. Kwa Kiingereza njia hiyo huitwa singletrack, njia ya mfuo mmoja, ili itofautishwe na ile ya mifuo miwili inayoachwa na trekta au gari, yenye majani katikati.

Nililihitaji neno hilo kwa Kiswahili kwa sababu ya tangazo. Naishi Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako Burlington na mji jirani wa Winooski imepokea familia nyingi kutoka Kongo na Burundi, na baadhi ya watoto wao wamezipenda sana baiskeli za msituni. Aprili mmoja niliombwa nitafsiri karatasi ya kubandikwa kwenye lango la msitu, kwamba njia zimefungwa mpaka zikauke. Nikaandika: njia ya baiskeli imefungwa. Siku ya pili yake mama mmoja wa Bukavu akanisimamisha dukani. "Papa, sasa batoto batapitia wapi ya kuenda ku masomo?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwake, kama kwa mkazi wa Nairobi au Dar es Salaam, njia ya baiskeli ni ule ukanda wa lami uliochorwa kando ya barabara. Tafsiri yangu ilikuwa imefunga kitu kingine.

Nikaanza kupima maneno. Kichochoro kinataka kuta mbili, na msituni hakuna kuta. Njia ya panya imekwisha chukuliwa na magendo, haifai tena kwa kitu tunachotaka watoto wakipende na kukitunza. Njia ya mkato inaeleza nia ya mpitaji, haisemi lolote juu ya njia yenyewe. Tena hizi njia za msituni hazikati, zinazunguka makusudi. Mwanawe yule mama, kijana wa miaka kumi na mitatu, alinipa la kwao: kanjia. Ni neno tamu. Kiswahili cha Kongo kimehifadhi ka- ya udogo yenye mapenzi ndani yake, na anayesema kanjia amekwisha kuipenda njia hiyo kabla hajaipita. Ningekuwa naandikia Bukavu, nisingetafuta zaidi. Lakini tangazo lilikuwa la watu wote wasomao Kiswahili, na kwetu Tanzania ka- hiyo ina harufu ya kudharau.

Likabaki kijia, ambalo wengi wangelichagua bila kufikiri, na ujia, neno la zamani lililomo kwenye kamusi kwa maana ya njia nyembamba. Mimi nasimama na ujia, na sababu yangu ni ya sarufi.

Kiambishi ki- hupunguza kitu kizima. Kijia ni njia ndogo, na udogo huo unaweza kuwa wa urefu, wa upana, hata wa hadhi. Lakini Kiswahili kina ngeli inayopenda vitu virefu vyembamba: uzi, ufito, utepe, ukambaa, unywele, ufa, wembe. Hapo u- haimpunguzii mtu urefu; inashughulika na wembamba peke yake. Kijia cha kilomita kumi kinatia shaka masikioni. Ujia wa kilomita kumi ni ujia, kama uzi wa kilomita kumi ulivyo uzi. Kule East Burke, kaskazini mwa jimbo hili, mtandao wa Kingdom Trails una zaidi ya kilomita 160, na sehemu kubwa ya huo ni ujia. Udogo uko wapi hapo? Kilichopo ni wembamba. Tatizo moja nalikubali: wingi wa ujia, kwa kanuni ya udevu na ndevu, unarudi kuwa njia, na tunapoteza tulichokipata. Kwa hiyo mimi husema mtandao wa ujia, au ujia kadha wa kadha, na naona masikio yanazoea.

Lakini mchezo wenyewe wa baiskeli za mlimani haukuzaliwa kwenye ujia. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na Fairfax huko California, marafiki wachache walishindana kuteremka barabara ya vumbi iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Walipanda baiskeli nzito za zamani, za miaka ya 1930 na 1940, ambazo wenyewe waliziita kwa neno ambalo Kiswahili hakina haja ya kulibunia tafsiri: mikweche. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma, ya kurudisha pedeli, na mteremko uliipasha moto hadi grisi ikatoka moshi. Ukifika chini, unaifungua habu na kuipakia grisi upya. Ndiyo maana mbio hizo zikaitwa Repack. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara yao wakaiita MountainBikes, na jina la duka likageuka jina la chombo duniani kote. Baadaye baiskeli ziliingia kwenye njia nyembamba za waenda kwa miguu na wapanda farasi, ugomvi ukaanza, milango ikafungwa, na mwaka 1988 vilabu vya California vikaunda chama, IMBA, cha kutetea nafasi yao.

Sasa nirudi kwenye tangazo, kwa kuwa maana yote ya neno hili imo kwenye matope ya Aprili.

Majira ya baridi, udongo wa Vermont huganda kutoka juu kwenda chini. Kadiri baridi inavyoshuka, maji yaliyo chini hupanda kuelekea kwenye barafu, yakinyonywa na udongo wa chembe laini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Yakifika yanaganda kuwa vipande bapa vya barafu, tabaka juu ya tabaka, na ardhi inainuka. Maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, lakini si hilo linaloinua udongo sana; ni yale maji mengine yanayoendelea kuvutwa. Aprili jua linaanza kuyeyusha kutoka juu. Chini bado ni sakafu ya barafu, isiyopitisha tone. Maji hayana pa kwenda. Juu ya sakafu hiyo udongo unakuwa laini kabisa, na wale watoto wa baiskeli hulisema kwa mkato: ujia umekuwa uji.

Ukipita hapo na tairi la sentimita sita, unaacha mfuo. Mvua ya kwanza inaufuata mfuo huo kama mfereji, inaondoka na udongo, na kiangazi kikifika umebaki mtaro wenye mizizi iliyo wazi. Ukiona huruma ukapita pembeni, unaua majani ya kando. Anayekuja nyuma yako anaona matope ni mapana zaidi, naye anapita pembeni zaidi. Nilikokulia, Lushoto, kila masika nilikuwa naliona jambo hili kwenye njia ya kwenda mtoni: mwezi Machi ilikuwa moja, Mei zilikuwa tatu sambamba, na mteremko mzima umechubuka. Ni miguu tu iliyofanya hivyo. Mashindano ya kukwepa tope hayahitaji baiskeli.

Kwenye dimbwi dogo, lenye mawe chini yake, kanuni ya wapanda baiskeli ni kupita katikati, uchafuke, ili upana ubaki ule ule. Kwenye uji wa Aprili katikati hakufai na pembeni hakufai. Kinachobaki ni kungoja. Green Mountain Club, chama cha waenda kwa miguu cha hapa, huwaomba watu wasiende kwenye njia za juu zenye matope hadi wikiendi ya mwisho ya Mei, na wenye mitandao ya baiskeli nao hufunga milango yao. Kuna pia sababu ya kibinadamu: sehemu kubwa ya ujia wa East Burke inapita kwenye mashamba ya watu binafsi, kwa ruhusa inayoweza kuondolewa. Mwishoni mwa 2019 wamiliki watatu waliiondoa ruhusa hiyo kwa baiskeli, na mtandao ukakatika.

Ndiyo maana fasili yangu ina kipande ambacho kijia hakiwezi kukibeba. Ujia: njia ya udongo inayotosha mpitaji mmoja kwa wakati, ya urefu wowote, ambayo wembamba wake unatunzwa. Njia huachwa ipanuke na hubaki njia. Ujia ukipanuka umekwisha.

Jina la msimu nalo lilinisumbua. Vitabu husema majira ya kuchipua, lakini Aprili hapa misitu ingali mitupu. Kinachotoka ni utomvu mtamu wa miti ya mepo, unaotaka usiku wa kuganda na mchana wa kuyeyuka, hali zile zile zinazouharibu ujia. Wapo watafsiri wanaoandika masika. Mimi siwezi, masika ni mvua yetu na ina kalenda yake. Warusi wana rasputitsa, Wafini wana kelirikko, kila mmoja neno moja kwa wakati ambapo ardhi haipitiki. Wenyeji wa Vermont husema msimu wa matope, na kwa Kiswahili hayo yanatosha.

Tangazo la pili liliandikwa hivi: UJIA UMEFUNGWA MPAKA UKAUKE. UKIKUTA TOPE, RUDI. Safari hii hakuna mama aliyenisimamisha. Wiki ya kwanza ya Mei nilifika langoni na yule kijana wa kanjia, baiskeli zimepakwa mafuta, matairi yamejaa. Alisoma karatasi, akavuka kamba kwa mguu mmoja, akakandamiza kisigino kwenye udongo, akakiinua. Tukatazama maji yakijaa taratibu kwenye alama ya kiatu chake.

"Bado uji," akasema, akageuza baiskeli.